Bata mzinga jike hatoki migombani: anaumwa au anaatamia?

Mkuu uliyeuliza kutoka Kibosho, kwa ulivyoeleza (jike kang'ang'ania chini ya migomba, anavimbisha manyoya na kufoka ukimsogelea), huyo anaatamia. Chungulia kinyesi: anayeatamia huinuka kwa muda mfupi tu, anakula haraka na kuacha kinyesi kikubwa chenye harufu mbaya kwelikweli. Ni kawaida. Mayai yenye mbegu huanguliwa baada ya siku 28 hivi, wiki moja zaidi ya kuku.

Yai likikwama utaona tofauti. Anasimama mkia chini, anajikamua bila kutoa kitu, hali, analegea. Huyo muweke penye joto na umwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Usilibonyeze yai hata kidogo. Likipasuka ndani unaweza kumpoteza. Anayetaga apewe chakula cha kuku wa mayai na maganda ya mayai yaliyosagwa. Pumba tupu, tunayoipenda wengi huku kwa kuwa ni rahisi, haina kalsiamu ya kutosha.

Halafu umesema analala banda moja na kuku? Watenge. Kuku anaweza kubeba ugonjwa wa kichwa cheusi (vijidudu vinavyoshambulia utumbo na ini) bila dalili, ila bata mzinga unamuua. Kinyesi cha njano kama unga wa salfa ndicho cha kuogopa.