Kabla hujaandika kwamba roboti yako inaogopa

Wadogo wawili watatu wamenifuata mwezi huu wanauliza waanzie wapi, wanataka kufanya utafiti wa kuipa mashine fahamu, na wote wameanzia palepale nilipoanzia mimi, yani kwenye chatiboti, zile programu za kuchati na mtu. Mtu amekaa nayo usiku kucha anaiuliza we una hisia, inamjibu vizuri kwa huzuni kabisa, asubuhi anaamka na mada ya thisisi. Jamani hapo bado hujaanza kitu.

Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum pale chuo cha MIT Marekani alitoa programu inaitwa ELIZA, kazi yake ilikuwa kugeuza sentensi yako na kukurudishia kama swali, ukisema mama yangu ananichukia yenyewe inakuuliza habari za familia, basi. Sekretari wake mwenyewe, ambaye alimwona akiitengeneza miezi na miezi, alipoanza kuchati nayo akamwomba atoke chumbani awaache wawili. Mwaka 2022 injinia wa Google, Blake Lemoine, akasema hadharani LaMDA, chatiboti ya kampuni hiyo, ina hisia, na mwisho wake akafukuzwa kazi. Simcheki, wala na wewe usimcheke, sababu hizi modeli zimelishwa maandishi ya mamilioni ya watu wakieleza maumivu yao, kwa hiyo ingezungumza hivohivo iwe ndani kuna kitu au hakuna kitu. Jibu ambalo lingetoka vilevile kwenye hali zote mbili halikusaidii kujua uko kwenye hali ipi. Hili ukilielewa wiki ya kwanza umeokoa mwaka mzima.

Kitu cha pili ni maneno, na hapa mi naona Kiswahili kinatubeba kuliko wengi wanavyodhani. Mgonjwa akizirai tunasema amepoteza fahamu, akizinduka fahamu zimemrudia. Mtoto akielewa hesabu amefahamu. Kijana asiye na mwelekeo tunasema hajitambui, ingawa yuko macho na anakula vizuri tu. Ukichomwa na mwiba unahisi. Hayo ni mambo manne tofauti na watafiti wengi wanayachanganya kwenye ukurasa mmoja, anaanza na kuhisi anamalizia na kujitambua, msomaji hajui alivushwa saa ngapi. Kabla ya kuandika proposo kaa chini uandike wewe unataka lipi. Kujitambua kwa maana ya mashine kuwa na picha ya mwili wake hilo linapimika. Kuhisi, yani kuwepo na namna fulani ya kuwa hiyo mashine, hilo ndo lile mwanafalsafa David Chalmers mwaka 1995 aliita tatizo gumu, na usiahidi kulimaliza kwa miaka miwili ya masters tafadhali.

Sasa niwaambie nilivoumbuka. Nilikuwa na kigari cha magurudumu manne, sensa ya umbali kwa mbele, na kwenye programu nikaweka namba moja inayopanda kadri kitu kinavyokaribia, nikaiita hofu. Ikivuka 0.7 kigari kinarudi nyuma mbio. Nikaandika ripoti kurasa kumi na mbili, eti mfumo ulionyesha hofu, hofu ikadumu, hofu ikapungua baada ya kuzoea. Msimamizi wangu hakunigombeza, aliniambia tu nenda kabadilishe hilo jina kila mahali liwe x7 halafu usome tena. Nikasoma, x7 ilipozidi 0.7 gari lilirudi nyuma. Kwisha habari! Hofu yote nilikuwa nimeileta mimi kwa kidole changu kwenye kibodi. Baadaye ndo nakuja kujua hili kosa ni la zamani kuliko mimi, Drew McDermott, mtafiti wa akili bandia, aliwasema wenzake mwaka 1976 kwa tabia hiyohiyo, mtu anaita kipande cha programu "elewa" halafu anaamini kinaelewa, akawashauri wakiite G0034 waone kama bado watamshawishi mtu. Na sisi Waswahili ndo balaa zaidi, gari imechoka, simu imegoma, betri imekufa, yani lugha yenyewe inakusukuma. Kwa hiyo zoezi la x7 fanya kila Ijumaa.

Halafu chagua nadharia kabla hujajenga. Hapa msikimbilie, maana nadharia mbili kubwa zinaweza kukupa majibu yanayopingana kwa mashine ileile.

Ya kwanza ni ya mwanasaikolojia Bernard Baars, ya mwaka 1988. Chukulia kamati ya harusi, wapishi wako nyuma, wapambaji wako juu ya ngazi, mtu wa muziki anahangaika na waya, kila mmoja anafanya yake na hasikii ya mwenzake. Maiki iko moja tu. Aliyeishika ndo anasikika na ukumbi mzima, na wote wanaweza kutumia alichosema. Baars anasema kinachoingia kwenye fahamu ni kile kilichoshika maiki. Hii inajengeka, Stan Franklin wa Chuo Kikuu cha Memphis alijenga programu ya IDA kwa ajili ya jeshi la maji la Marekani, baharia akikaribia kumaliza zamu yake ilikuwa inaandikiana naye kwa imeili, inaangalia nafasi zilizopo na sera za jeshi, inajadiliana naye mpaka apate kituo kipya. Kazi ya karani kabisa, na ndani yake vipande vidogovidogo vinagombea hiyo maiki. Franklin mwenyewe alikuwa makini kutenganisha mashine inayofanya kazi kwa mpangilio wa fahamu na mashine inayohisi, iga hapo.

Ya pili ni ya mtafiti wa ubongo Giulio Tononi, ilianza 2004, kipimo chake kinaitwa fai. Huyu hajali programu inafanya nini, anajali vipande halisi vya mashine vimeungana vipi na vinarudishiana athari kiasi gani. Kwa hesabu zake kompyuta ya kawaida hata ukiipakia ubongo mzima wa mtu ndani kama simuleshoni bado inabaki karibu na sifuri, wakati kwa Baars, mtu wa maiki, kompyuta hiyohiyo ingeweza kufaulu. Umeona tatizo? Ukijenga kwanza halafu ndo utafute nadharia utachagua tu ile inayokupa ushindi, kila mtu atajua.

Na fai usiiendee kwa kiburi. Kuna programu ya bure ya kupiga hesabu ya fai, imeandikwa kwa lugha ya Paitoni, inaitwa PyPhi, ukiweka nodi tatu, yani vipande vitatu vilivyounganishwa, inajibu, ukiongeza ongeza laptopu inaanza kulia feni, ukifika nodi kumi na kitu unaenda kulala na ukiamka bado. Ule mnyoo mdogo C. elegans ana seli za neva 302 tu na bado hesabu yake kamili haiwezekani. Mwaka 2023 watafiti zaidi ya mia wakasaini barua kusema nadharia hii ni sayansi bandia, wengine wakakasirika kwa hiyo barua, we kama mgeni usijiingize kwenye ule ugomvi, jifunze hesabu yake tu.

Kwa anayetaka kushika chuma mi namwambia aende kwenye kujitambua kwa mwili. Mfano wangu ni ule wa Chuo Kikuu cha Cornell wa 2006, Josh Bongard, Victor Zykov na Hod Lipson, roboti ya miguu minne ambayo haikuambiwa ina umbo gani. Inacheza mguu kidogo, inasoma sensa, inabuni maumbo kadhaa ambayo yangeweza kuwa mwili wake, halafu inachagua mchezo unaofuata kwa kuangalia ni upi utayafanya hayo maumbo yagombane zaidi. Baada ya hapo inatembea. Wakaikata kipande cha mguu, ikagundua picha yake haiendani tena, ikaibadilisha, ikachechemea kwa mtindo mpya. Hakuna aliyesema inaumia. Ila ukiibadilishia majina ndani yote yakawa x7 na x8 bado ile picha ya mwili iko pale, inafanya kazi. Linganisha na jaribio la kioo, la kuona kama mnyama anajitambua kwenye kioo, ambalo mwanasaikolojia Gallup aliwapa sokwe mwaka 1970, roboti unaifaulisha kwa mistari michache tu ya programu ukitaka.

Kwa chatiboti pia kuna kazi nzuri, ripoti ya Agosti 2023 ya kina Patrick Butlin na Robert Long, watu 19, walitoa viashiria 14 vya fahamu kutoka nadharia mbalimbali wakaangalia mashine imejengwaje ndani badala ya kuisikiliza inasema nini. Hawakuona hata moja ya wakati ule yenye dalili za kutosha.

Na haraka waachie wengine. Mwaka 1998 mtafiti wa ubongo Christof Koch aliwekeana dau na Chalmers kwamba ndani ya miaka 25 fahamu ingekuwa imeshaeleweka kwenye ubongo, na hapo ni ubongo, sio mashine. Juni 2023 pale New York akatoa mvinyo aliodaiwa, wakaweka dau jingine la kufika 2048.

Basi wewe wa mwezi huu, chukua nodi tatu, chora mishale kwa mkono, piga hesabu kwenye karatasi kabla ya kuwasha PyPhi, na pembeni andika unategemea jibu gani na kwa nini. Ukikwama niletee hiyo karatasi, skrinshoti za chatiboti ninazo za kutosha.