Nilimnyima mama ndizi

Pete ya ndoa ya mama ilichomoka kidoleni akiosha vyombo, na hakuna aliyeisikia. Tuliiokota jioni chini ya mgomba, pale tunapomwaga maji machafu. Mama alicheka. Mimi nilishindwa, maana pete hiyohiyo miezi michache nyuma alikuwa akiitoa kwa sabuni.

Alikuwa na wiki tano za kula nyama, mayai na mafuta tu. Hakuagizwa na daktari. Aliyempangia ni mimi, binti yake, na ndiyo maana naandika.

Mama ana saratani ya titi. Alishafanyiwa upasuaji, na wakati huo ndiyo kwanza ameanza kemo, yaani dawa kali za saratani, dripu moja kila baada ya wiki tatu. Kwenye grupu la ukoo video zikaanza kumiminika: sukari ndiyo chakula cha kansa, kata wanga, kansa itakufa njaa. Kaka yangu aliyeko Dar akapiga simu kabisa. "Mwondolee ndizi, mpe nyama." Kumwondolea Mchaga wa Machame ndizi! Lakini nilikuwa na hofu, na mwenye hofu hutafuta kazi ya kufanya. Kesho yake asubuhi nilikuwa bucha, Kiboriloni.

Sisemi kwamba wazo lenyewe limeokotwa barabarani. Miaka ya 1920 Mjerumani Otto Warburg aliona kuwa seli za saratani hutumia sukari kwa pupa, hata pale oksijeni ikiwa ya kutosha. Keto, yaani lishe ya mafuta mengi na wanga kidogo sana, nayo ina historia yake hospitalini: mwaka 1921 Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, aliipendekeza kwa wagonjwa wa kifafa, na hadi leo hupewa watoto ambao kifafa chao hakisikii dawa. Kwa saratani imejaribiwa kwenye vikundi vidogo vidogo, hasa vya wenye uvimbe wa ubongo uitwao glioblastoma. Kwamba mgonjwa anaweza kuifuata akisimamiwa, limeonekana. Kwamba inaponya au inamwongezea mtu siku, halijathibitishwa. Zile video huruka kutoka kwa Warburg moja kwa moja hadi kupona, na katikati hapo ndipo mama yangu alipokondea.

Tena hata hiyo keto sikuwa nimeipika! Keto halisi ni lishe ya mafuta. Ile ya kifafa, katika ukali wake, ni gramu 4 za mafuta kwa gramu 1 ya wanga na protini kwa pamoja, na hupimwa kwa mizani kila mlo. Nusu kilo ya nyama ya ng'ombe kwa siku ni kitu kingine kabisa. Protini ikizidi, ini hugeuza sehemu yake kuwa sukari. Na hata ukifunga kula, mwili hujitengenezea sukari yake, kwa sababu chembe nyekundu za damu haziishi bila hiyo. Hakuna sahani inayoifikisha sifuri.

Mambo ya jikoni ndiyo yalinishinda zaidi. Kemo ilikuwa imemharibia mama ulimi. Nyama, alisema, ina ladha ya msumari. Nikianza kukaanga mafuta, anafunga mlango wa chumba chake na kuziba upenyo wa chini kwa khanga. Mezani anakula vipande vitatu kwa kunivumilia, vingine vinashuka kwa paka. Hilo nililijua paka alipoanza kunenepa.

Kliniki iliyofuata mizani ilisoma kilo 58. Tulianza na 64.

Mtaalamu wa lishe, dada mdogo kwangu kwa umri, alimwamkia mama vizuri, kisha akauliza, "Mama, nani amekukataza kula?" Mama akanitazama mimi. Yule dada hakunigombeza. Alinieleza kuwa dozi nyingi za kemo hupigiwa hesabu kwa urefu na uzito wa mgonjwa, na kwamba kilo zinazopotea hivyo siyo mafuta tu, ni misuli pia. Aliyeishiwa misuli huchelewa kupata nafuu, na mara nyingine dripu huahirishwa mpaka apate nguvu.

Nyama haikufukuzwa. Mgonjwa wa saratani anahitaji protini, kama gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito wake, na kwa mama hiyo ni karibu gramu 70 hadi 87 kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6. Kwa hiyo nyama ikarudi ndani ya mtori, ile supu nzito ya ndizi, imesagwa laini, na kijiko cha siagi juu. Parachichi la shambani, ambalo ni mafuta yasiyo na harufu, likachukua nafasi ya kikaango. Maziwa, uji wa ulezi, dagaa siku ulimi ukikubali. Kisusio, supu yetu ya damu, tulikiacha kwanza, kwa sababu ya damu isiyoiva sawasawa wakati kinga yake iko chini. Na katoni ya soseji na bekoni aliyotuma kaka niligawa: shirika la utafiti wa saratani la WHO liliweka nyama za kusindika mwaka 2015 kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani.

Kama bado unataka kujaribu keto kwa mgonjwa wako, anza na daktari wake. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge anaweza kushuka sukari hadi kuzimia ukimkatia wanga ghafla. Zipo dawa za kemo, kama sisplatini, ambazo zinaweza kuumiza figo, na figo iliyoumia haitaki kubebeshwa milima ya protini. Mpime uzito kila wiki, siku ileile, nguo zilezile. Sisi tunatumia mizani ya duka la mahindi la jirani, na mama hulalamika kila Jumatatu kwamba anapimwa kama gunia.

Desemba kaka alipanda Machame kama Wachaga wote, mbuzi akachinjwa. Mama aliomba ubavu mmoja na ndizi, akamaliza, akaomba mwingine. Kaka akafungua mdomo kusema jambo kuhusu ndizi.

"Wewe kula tu, baba," mama akamwambia.

Pete bado imezungushiwa uzi mwekundu isidondoke. Ilikuwa mizunguko mitatu. Sasa ni mmoja.