Fundi anataka zege uwanja mzima

Shikamoo Fundi. Nina mgahawa Raskazone, Tanga. Pembeni pana uwanja, magari kumi yanaingia kwa kubanana. Masika ni tope tupu, wateja wanavua viatu. Fundi wangu wa ujenzi anataka kumwaga zege kote na kuukata mti wa mkungu ulio katikati. Jirani kasikia, kaja juu: eti maji yote yatamwendea yeye. Nifanyeje?
Mama wa Pweza

Marahaba, mwanangu. Jirani ana haki ya kuja juu. Uwanja wa magari kumi, pamoja na pa kugeuzia, ni kama mita za mraba 250. Ikinyesha milimita 40 juu ya zege, hizo ni lita 10,000: matangi kumi ya lita elfu yamepinduliwa mlangoni kwake.

Nayajua haya kwa aibu. Uani kwangu Chumbageni nilimwaga zege ukuta kwa ukuta, nikajisifu. Masika ya kwanza nikamkuta mama mkwe kapanda kitandani, kandambili zake zinaelea. Nilibomoa nusu kwa mikono yangu.

Kwanza ipime ardhi. Chimba shimo la kina cha kiwiko, mimina ndoo ya maji. Yakiisha mimina ya pili, hapo ndipo utazame saa. Yakinywewa ndani ya saa moja au mbili, una bahati. Yakilala mpaka asubuhi, nitafute tena kabla hujanunua kitu.

Pa kuegesha, chimbeni sentimita 30, mjaze kokoto kubwa, juu yake ndogo, kisha matofali ya pevingi yenye matundu. Matundu yajazwe kokoto ndogo au ukoka. Hapo usibanduke! Fundi atataka kumwaga vumbi la kokoto "ili pashike". Vumbi linaziba matundu, na utakuwa umejenga zege kwa bei ya pevingi. Zege liwe langoni tu, magari yanapokata kona.

Mkungu usiguswe; acheni udongo wazi mita moja na nusu kuzunguka shina. (Ungekuwa mnazi ningesema mengine. Nazi haijui kioo cha gari.)

Upande wa jirani chimbeni mtaro mpana wa ukoka, usiozidi kina cha shubiri, udake maji yanayobaki. Hukusema kama ana kisima. Kama kipo karibu na ukuta, mtaro uhamie upande wa pili, na asioshe mtu gari hapo wala kubadili oili. Bodaboda hasa, wanapenda sana kumwagia oili kwa watu.