Uraibu wa mazoezi hupimwaje?

SWALI: Nina umri wa miaka 23 na hukimbia kila alfajiri. Juzi niliteguka kifundo cha mguu, nikakifunga bendeji na kutoka vilevile. Mama anasema nimekuwa mraibu. Je, kuna kipimo?

JIBU: Kipimo kipo, ingawa si cha damu wala cha mashine. Mwaka 2004 watafiti Annabel Terry, Attila Szabo na Mark Griffiths walichapisha dodoso fupi lenye kauli sita, ambazo mhusika huzipa alama 1 hadi 5 kadiri anavyokubaliana nazo: kwamba mazoezi ndiyo jambo kuu maishani mwake, yamezua ugomvi na jamaa zake, huyatumia kubadili hali ya moyo, ameyaongeza siku hadi siku, hukosa raha akiyakosa, na kila akiyapunguza hurejea palepale. Jumla ikifika 24 kati ya 30, huhesabiwa kuwa hatarini.

Hatarini, nasisitiza, si mgonjwa. Anayejiandaa kwa marathoni anaweza kujipa 5 katika kauli ya kwanza bila uongo wowote, na bado akapumzika bila kinyongo daktari akimwagiza. Ndiyo maana dodoso hufuatiwa na mazungumzo na mtaalamu.

Idadi ya kilomita haimo katika hesabu hiyo. Kwa hakika bendeji yako inanitia shaka kuliko mbio zenyewe. Mwonyeshe daktari kifundo hicho kwanza, kisha ujaze dodoso. Kauli ya ugomvi, mwulize mama kabla ya kuandika alama.