Acha Kusema "Haumi"

Jumapili moja asubuhi nilimfungua mbwa wangu Simba kamba ndani ya msitu wa Karura, hapa Nairobi. Kanuni za msitu nilizijua vizuri: mbwa awe na kamba wakati wote. Lakini njia ilikuwa tupu, nikajiambia ni dakika tano tu. Kwenye kona akatokea mzee mmoja na fimbo yake. Simba akamrukia kwa furaha, akamlamba mikono, akamjaza mate kwenye suruali.

Nikapaza sauti kutoka mbali: "Usiogope mzee, haumi!"

Alinisubiri nikafika. "Mwanangu," akasema, "sikuogopa kuumwa. Nina sala mbele yangu. Sasa mikono hii na nguo hii nioshe mara saba, mara moja kwa udongo."

Nilimwomba radhi, na aibu ile ninayo hadi leo. Hakuvaa kanzu wala kofia. Nisingeweza kumjua kwa macho. Na hilo ndilo ninalotaka wenye mbwa wenzangu walielewe. Anayekuja mbele yako huenda aling'atwa utotoni, au ni mjamzito, au ana udhu wake. Hana deni la kukueleza. Ukimwona mtu, fupisha kamba, sogea pembeni mwa njia, mkalishe mbwa, mtu apite. Mtoto akitaka kumpapasa, muulize kwanza mzazi wake, na umtazame mbwa wako pia kama anataka.

Kamba iwe ya mita moja na nusu hadi mbili. Zile za kujikunja zinazoachia mbwa mita tano sizipendi kabisa: baiskeli ikija ghafla, anayeumia ni mwendeshaji. Tena Karura ina paa, kima na mbega. Mbwa akishanusa paa, hata umwite kwa jina lake na la babake, hasikii.

Mbwa kwa mbwa ndipo tunapokosea zaidi. Watu huona mkia unatikisika wakadhani ni urafiki. Tazama mwili mzima. Mkia ulioinuka ukatikisika kwa ukakamavu, manyoya ya mgongoni yamesimama, macho yamekaza: huyo yuko tayari kupigana. Usiwakutanishe uso kwa uso huku kamba zimevutwa, maana mbwa asiyeweza kurudi nyuma huona njia yake ni meno. Muulize mwenzako kwanza. Akikubali, tembeeni sambamba kidogo, kamba zikiwa zimelegea, ndipo wanusane. Wakishikana, usipeleke mkono karibu na vichwa. Wamwagie maji. Jike aliye kwenye joto, yaani anayetaka dume, abaki nyumbani.

Kinyesi okota, uende nacho, hata kama kimeangukia kichakani. Virusi vya parvo, ugonjwa hatari wa mbwa, hutoka na kinyesi na huweza kukaa udongoni miezi mingi vikimngoja mtoto wa mbwa ambaye hajamaliza chanjo. Kwa hiyo mtoto wako wa mbwa naye asikanyage njia hizo mpaka daktari wa mifugo aseme chanjo zimekamilika.

Na chanjo ya kichaa cha mbwa usiipitishe tarehe. Karibu visa vyote vya kichaa kwa binadamu, asilimia 99, hutokana na mbwa, na dalili zikishaonekana ni nadra sana mtu kupona. Mbwa wako akimuuma mtu, au hata akimkwaruza, usianze kubishana ni nani aliyemchokoza mwenzake. Kidonda kioshwe papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha mpeleke hospitali wewe mwenyewe. Onyesha kadi ya chanjo, acha namba yako ya simu. Mimi kadi ya Simba nimeipiga picha, iko kwenye simu. Sabuni ndogo na chupa ya maji ya lita moja viko mfukoni mwa begi, pamoja na mifuko ya kinyesi, kila Jumapili.