Gia ikicheza kwenye Beetle, usikimbilie kushusha giaboksi

Mkono wa gia wa Volkswagen Beetle ukianza kulegea, kila mtu hapa Wete, Pemba, ana jawabu lake, na majawabu mengi huishia kwenye giaboksi. Fundi niliyempelekea gari yangu alikaa kitini, akautikisa mkono huku na huku, akasema, "Giaboksi hiyo, mzee, tuishushe." Basi kwenye gari hii injini iko nyuma, na giaboksi haishuki mpaka injini itangulie kutoka. Nikamwambia ahsante, nitarudi. Sikurudi.

Mkono unaoushika haugusi giaboksi hata kidogo. Chini yake kuna rodi ndefu iliyopita ndani ya ule mgongo wa bati katikati ya sakafu, ikaenda mpaka chini ya kiti cha nyuma. Huko ndiko inakounganishwa na giaboksi, kwa kiungio chenye mpira. Mbele rodi imeshikwa na bushi ya plastiki, yaani kipete kinachoizuia isichezecheze. Kwa hiyo kabla hujafika kwenye giaboksi kuna mkono wenyewe, kuna bushi, na kuna kiungio, na vyote unavifikia kwa spana na bisibisi.

Anza nyuma. Lakini kabla hujagusa kitu, jua kwamba betri ya Beetle imekaa hapo hapo chini ya kiti, upande wa kulia. Springi za kiti zikigusa vichwa vya betri, gari inaweza kushika moto, na wako watu zimewaungulia. Toa waya wa betri kwanza. Ukirudisha kiti, hakikisha betri ina kifuniko. Na ukilikuta bati la chini yake limeliwa na kutu, kwa hewa yetu hii ya chumvi usishangae, ila hiyo ni kazi ya siku nyengine.

Katikati, chini ya kiti hicho, kuna kibati kidogo. Kifungue, kiungio utakiona. Mwambie kijana akae mbele, akanyage klachi, asogeze gia taratibu, na wewe utazame tu. Upande wa mbele wa kiungio ukienda na wa nyuma ukachelewa, mpira umekwisha. Mkono ukienda na rodi ikachelewa, ugonjwa uko mbele. Vyote vikienda pamoja lakini gia bado inaruka ukiwa njiani, hapo fundi ana haki yake, mpelekee.

Kiungio kinafungwa na skrubu yenye kichwa cha mraba, na kichwa hicho kimezungushiwa waya ili isilegee. Ikikataa kufunguka, itie mafuta jioni, uje asubuhi. Usiilazimishe, kichwa kikiviringika utajuta. Wakati wa kurudisha, ncha ya skrubu lazima iingie kwenye kishimo chake, kisha ufunge waya mpya. Waya huu watu wengi wanaudharau. Skrubu hiyo ikitoka njiani unabaki huna gia hata moja, na injini inanguruma vizuri tu.

Bushi ya mbele huijua kwa sauti: gari ikishika mwendo, mkono unavuma kama nyuki, na ukiushika kwa kiganja unanyamaza. Chora kwa chaki pale ulipokaa mguu wa mkono wa gia, fungua boliti zake mbili kwa spana ya 13, uutoe. Ukiwa umeshaondoa kiungio nyuma, rodi unaweza kuisukuma kwa nyuma ikatoka kwenye bushi. Mabaki ya plastiki yatoe yote. Bushi mpya iloweke kwenye maji ya moto kidogo ili ilainike, iingize, ipake grisi ya kutosha, kisha vuta rodi irudi mahali pake. Kazi hii inafanyika kupitia tundu dogo, kwa vidole viwili. Mwenye mikono minene atafute msaidizi.

Chini ya mkono kuna kibati kinachozuia gia ya nyuma isiingie kwa bahati mbaya. Ukingo wake ulioinuka zaidi ukae kulia. Ukikigeuza, ama rivasi haipatikani, ama inaingia usipoitaka.

Kupanga mkono, tia gia ya pili, usimamishe wima, kaza boliti. Jaribu gia zote injini ikiwa imezimwa, pamoja na rivasi, ambayo lazima kwanza uubonyeze mkono chini. Ndipo utoke barabarani, uanze pa tambarare. Mtihani wenyewe ni vilima vya njia ya zamani ya Chake Chake, pale unapotoka ya tatu kurudi ya pili huku lori liko nyuma yako. Ukifika nyumbani, zikaze tena zile boliti mbili.