Kwa mnaoanza kusoma viumbe wa Ediakara: tochi kwanza, majina baadaye

Wadogo zangu mlioingia jiolojia mwaka huu mkapangiwa Ediakara, yaani wale viumbe wakubwa wa mwanzo mwanzo waliokaa baharini kuanzia kama miaka milioni 575 iliyopita hadi karibu milioni 539, nawaandikia mapema kabla hamjazama kwenye majina. Mimi nilianza na majina. Nilikariri Charnia, Dickinsonia, Spriggina, Kimberella, nayataja kama kikosi cha timu, halafu siku ya praktiko nikawekewa mezani plasta iliyonakiliwa kutoka kwenye jiwe na sikuona kitu, jiwe tupu. Mwenzangu akazima taa ya juu, akalaza tochi ya simu pembeni kabisa karibu iguse meza, na hapo hapo ikatokea miduara, mistari, na kitu kama unyoya mrefu umelala.

Wengi wa hawa hawakuwa na mifupa wala magamba, wamebaki alama tu kwenye mchanga au tope, na alama zenyewe hazina kina cha maana, kwa hiyo mwanga wa kutoka juu unazifuta zote. Kule Mistaken Point, kisiwani Newfoundland, Kanada, watu wanasubiri jua lishuke jioni ndo mwamba uanze kuonyesha vitu.

Lingine ambalo lilinigharimu ripoti nzima: uliza kwanza unaangalia upande gani wa tabaka. Mistaken Point majivu ya volkano yaliwamwagikia viumbe wakiwa sakafuni mwa bahari, kwa hiyo alama iko juu ya tabaka lililofunikwa na yale majivu. Australia Kusini mambo ni kinyume, mchanga uliwafunika na alama ikabaki chini ya tabaka la mchanga, ndo maana kule Nilpena watafiti wanageuza mabamba ya mawe wasome upande wake wa chini. Mimi sikuuliza. Nikaandika kwamba kiumbe kilikuwa na shimo katikati kumbe lilikuwa nundu, na kila nilichojenga juu ya hilo shimo kikaanguka nalo.

Sasa miduara, hapa kaeni kidogo. Mwaka 1872 mtaalamu wa visukuku, yaani mabaki na alama za viumbe wa kale kwenye miamba, Elkanah Billings, aliipa jina Aspidella, miduara midogo kutoka Newfoundland, na wengi wakamkatalia kwa sababu waliamini miamba ya kabla ya Kambria, kipindi kilichofuata Ediakara, haiwezi kuwa na visukuku vya namna hiyo. Mwaka 1946 mwanajiolojia Reg Sprigg akakuta miduara kwenye vilima vya Ediacara, Australia Kusini, akaona ni yavuyavu. Na mimi nikaandika kurasa mbili nzuri kabisa za yavuyavu wanavyoelea. Supavaiza hakubishana na mimi, akaniwekea tu picha ya Charniodiscus kutoka Charnwood Forest, Uingereza, duara limeungana na bua na bua limebeba unyoya. Mingi ya ile miduara sa hivi inasomwa kama kishikio cha chini kilichomshika kiumbe sakafuni, sehemu ya juu haikubaki.

Huko huko Charnwood mwaka 1956 msichana wa shule, Tina Negus, aliona alama ya Charnia, kiumbe mwenye umbo la unyoya, akamwambia mwalimu wake, akaambiwa miamba ya umri ule haina visukuku. Mwaka uliofuata Roger Mason na wenzake wakaiona, na 1958 Trevor Ford akaichapisha kwa jina Charnia masoni. Mie hii stori inaniuma mpaka leo, maana yule mtoto alikuwa ameona vizuri kabisa. Kwa hiyo ukiona kitu chora, piga picha, weka skeli ya kuonyesha ukubwa, hata kama mkubwa wako anasema haiwezekani.

Kuhusu umri sitasema mengi. Ukikuta namba uliza imetoka kwenye majivu gani, maana kinachopimwa ni madini ya urani na risasi ndani ya chembe ngumu za zirkoni zilizomo kwenye majivu. Mistaken Point wana majivu na wanapata kama milioni 565. White Sea kule Urusi wana ya milioni 555. Dickinsonia wa Australia umri wao kwa sehemu kubwa umetokana na kulinganisha na kwingine.

Na swali ambalo kila mgeni analiuliza wiki ya kwanza, je ni wanyama? Msijibu kwa kundi zima. Dickinsonia mwaka 2018 timu ya Ilya Bobrovskiy ilipima utando uliobaki kwenye visukuku vya White Sea, ndani ya kiumbe ikakuta alama za kolesteroli, mafuta ambayo kwa wingi hivyo huashiria mnyama, kwa wingi sana, na kwenye utando wa vijidudu pembeni yake alama za mwani. Huo ni ushahidi wa mnyama, ila ni wa Dickinsonia, usimbebeshe Charnia ambaye umbo lake la matawi juu ya matawi lina mjadala wake mwenyewe.

Plasta za labu mchana zinagombaniwa, ombeni funguo jioni, mzime taa zote, mzungushe tochi polepole mkichora kila kivuli kinapohama.